Dada Rosetta Tharpe na Gitaa Lake

Wapo hata leo Wakristo wasiopenda kusikia gitaa karibu na madhabahu, kwa kuwa wanalihesabu kuwa chombo cha dansi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari za mama mmoja wa Marekani ambaye jambo hilo lilimfuata maisha yake yote.

Rosetta alizaliwa tarehe 20 Machi, 1915, huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti, naye mtoto alipiga gitaa katika mikutano ya injili angali mdogo sana.

Mwaka 1938 alitoa santuri kwa kampuni ya Decca huko New York, tena akaimba nyimbo za dini katika Cotton Club, mahali pa starehe. Hapo ndipo matata yalipoanza. Wengi wa kanisa lililomlea walichukizwa. Sisi hatuwalaumu upesi wazee wale, maana walikuwa wakilinda kundi. Lakini Rosetta hakuacha nyimbo za Mungu, wala gitaa lake la umeme hakuliweka chini. Alidonoa uzi mmoja mmoja kwa kasi, hata gitaa likawa kama linamjibu mwimbaji. Santuri yake iitwayo Strange Things Happening Every Day, aliyoimba mwaka 1944, wengi huihesabu kuwa miongoni mwa chimbuko la muziki wa rokenroli. Mwaka 1947, mjini Macon, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14, yule aliyejulikana baadaye kama Little Richard. Johnny Cash naye alimpenda tangu utotoni.

Umaarufu huo haukumfungulia milango ya hoteli. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, mara nyingi alilala ndani ya basi lake.

Mwaka 1951 alifunga ndoa katika uwanja wa michezo mjini Washington, na maelfu ya watu walilipa kiingilio, jambo ambalo sisi tusingelishauri!

Mwaka 1970 alipatwa na kiharusi, kisha akakatwa mguu kwa ugonjwa wa kisukari. Hata hivyo aliendelea kuimba. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba, 1973. Kaburi lake lilikaa bila jiwe zaidi ya miaka 30, mpaka wapenzi wa nyimbo zake walipochanga fedha kwa tamasha la mwaka 2008.