W. H. Whiteley: Kutoka “-ni” ya Kiswahili hadi “ase” ya Ekegusii

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hulijua jina la Wilfred Howell Whiteley kupitia kitabu chake cha 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili hadi kuwa lugha ya taifa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1924, aliishughulikia pia Ekegusii, lugha ya wakazi wa kaunti za leo za Kisii na Nyamira.

Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipohamia Makerere mwaka 1952, Whiteley ndiye aliyekuwa katibu wake. Angeweza kutosheka na usanifishaji wa lugha moja kuu. Badala yake alichunguza lahaja za Kiswahili, zikiwemo Kimtang'ata na zile za Pemba, akatafsiri kwa Kiingereza maisha ya Tippu Tip, na mwaka 1956 akatoa kitabu cha kufundishia Ekegusii. Mwaka 1960 ulifuata uchunguzi wake wa mfumo wa njeo za lugha hiyo.

Thamani ya kuzitazama lugha hizo mbili kwa pamoja huonekana wazi katika suala la mahali. Katika Kituruki, nomino yenyewe hubeba mwelekeo: “ev” ni nyumba, “eve” ni kwenda nyumbani, “evde” ni kuwa nyumbani, na “evden” ni kutoka nyumbani. Kiswahili kina kiambishi kimoja tu, “-ni”. Neno “nyumbani” halibadiliki, mtu awe anakwenda, yupo au anatoka. Kitenzi ndicho kinachobainisha mwelekeo. Upatanisho nao huongeza maana: “nyumbani pangu” huashiria mahali dhahiri, “nyumbani kwangu” mahali kwa jumla, na “nyumbani mwangu” huashiria ndani.

Ekegusii haitumii “-ni” hiyo. “Nka”, yaani nyumbani, ni neno kamili lisilohitaji kiambishi cha mwisho. “Ime” hueleza ndani na “igoro” hueleza juu. “Ase” ina maana ya mahali, na pia huitangulia nomino kuonyesha kwa nani au wapi, hata nomino hiyo ikiwa ya mtu. Kiswahili hakikubali “-ni” kwa mtu; husema “kwa mwalimu”. Hivyo mwanafunzi wa Kisii au Nyamira anayeandika “katika nyumbani” huenda hajakosa akili wala bidii. Yamkini analitafutia neno la mahali kitangulizi, kama lugha ya mama ilivyomzoeza. Mwalimu asiyejua hilo atasahihisha neno na kuliacha chimbuko la kosa palepale.

Baadaye Whiteley alikuwa profesa wa lugha za Kibantu katika chuo cha SOAS, London. Mwaka 1968 alichapisha utafiti kuhusu uelekezi katika Kiswahili, akichunguza jinsi kitenzi kinavyohusiana na nomino zinazokizunguka. Njia hiyo inafaa pia kwa nomino za mahali: “Maji yamejaa mtungini” na “Mtungi umejaa maji” ni sentensi zinazoeleza hali ileile, ilhali mtungi umekuwa mahali katika ya kwanza na kiima katika ya pili. Umbo la nomino peke yake halitoshi kufichua uamilifu wake.

Katika miaka hiyohiyo aliongoza utafiti wa matumizi ya lugha nchini Kenya. Hakuyaona matokeo yake kitabuni. Alifariki mwaka 1972 akiwa hajatimiza hata miaka hamsini, na kitabu hicho, alichokuwa mhariri wake, kikatoka mwaka 1974.

Urithi wa Whiteley hauishii katika historia ya Kiswahili. Katibu wa kamati ya lugha kubwa aliipa Ekegusii nafasi ya kuelezwa kwa muundo wake yenyewe. Hiyo ni hatua ambayo kila mwalimu wa Kiswahili, kutoka Keroka hadi Ogembo, hana budi kuipiga kabla ya kushika kalamu nyekundu.