Martin Klaproth, mfamasia aliyegundua urani na kupima kioo

Kila tukitangaza habari za urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba hupiga simu kuuliza: ikishatumika kuzalisha umeme, taka zake zenye mionzi huwekwa wapi? Kwa zile kali kabisa, jibu mojawapo ni ndani ya kioo. Kuna mtu mmoja aliyeshika vyote viwili, urani na kioo.

Martin Heinrich Klaproth alizaliwa Desemba 1, 1743, Wernigerode, Ujerumani. Moto wa mwaka 1751 uliiacha familia yake katika umaskini. Kemia aliijulia katika maduka ya dawa, si chuo kikuu. Mwajiri wake wa Berlin, Valentin Rose, alipofariki mwaka 1771, Klaproth aliendesha duka na kulea watoto wa marehemu.

Mwaka 1789 alichunguza jiwe jeusi la mgodini, akabaini elementi mpya na kuipa jina la sayari ya Uranus. Alidhani ameipata metali yenyewe, kumbe ni oksidi. Mfaransa Péligot ndiye aliyeitoa metali, mwaka 1841.

Sisi tunamheshimu zaidi kwa mizani yake. Wakati ule mkemia akichambua sehemu 100 na kupata 96, mara nyingi alirekebisha hesabu zitimie. Klaproth aliandika pengo kama lilivyo. Alichambua hivyo hata kioo cha rangi cha Warumi wa kale: silika kiasi gani, risasi, shaba, chuma.

Uchambuzi wa namna hiyo ndio unaotegemewa leo La Hague, Ufaransa, ambako taka huyeyushwa pamoja na kioo cha silika na boroni kwenye nyuzi joto takribani 1,100, kisha kumiminwa katika makopo ya chuma cha pua. Silika ikizidi, kioo ni kigumu kuyeyuka. Sodiamu ikizidi, maji hukila upesi. Wafaransa wamechunguza hata vioo vya Kirumi vilivyolala baharini miaka 1,800, karibu na kisiwa cha Embiez, kuona maji yamevila kiasi gani. (Aliyefika Katuruka, karibu na Maruku, ameona mavi ya chuma ya wahunzi wa kale. Nayo yana kioo ndani, na mvua zetu hazijayamaliza.)

Mwaka 1810 Klaproth akawa profesa wa kwanza wa kemia wa Chuo Kikuu kipya cha Berlin. Alifariki Januari 1, 1817. Makopo ya La Hague bado yako ghalani, yakisubiri mahandaki ambayo Ufaransa inapanga kuchimba karibu na kijiji kiitwacho, amini usiamini, Bure.