Anselme Payen: Mfaransa aliyefungua siri ya kimea

Ukipika uji mzito wa mtama, ukaupoza kidogo, ukatia unga wa kimea, baada ya muda unakuwa mwepesi na mtamu. Kimea kina nini? Jibu lilipatikana Paris mwaka 1833.

Anselme Payen alizaliwa mjini humo mwaka 1795. Baba yake alikuwa na viwanda, na ndiye aliyemfundisha. Akiwa na miaka 20 tu akakabidhiwa kiwanda cha boraksi, biashara iliyokuwa mikononi mwa Waholanzi. Kijana akabuni njia rahisi ya kuitengeneza, bei ikashuka. Akahamia kwenye sukari ya viazisukari, akaonyesha jinsi mkaa wa mifupa unavyoisafisha.

Kisha akaja kwenye kimea. Yeye na Jean-François Persoz waliloweka kimea cha shayiri kilichosagwa, wakachuja maji yake, wakatia spiriti. Vikatuama vipande vyeupe. Walipovitia kwenye wanga wa uvuguvugu, wanga uliyeyuka na kugeuka sukari! Sehemu moja ilitosha kuyeyusha sehemu 2,000 za wanga. Wakaiita diastesi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kutenganishwa.

Lakini utamu wa kazi yao uko hapa: nafaka ambayo haijaota haikuwa nayo. Iliyoota ilikuwa nayo karibu na chipukizi, si kwenye mizizi. Shayiri iliyoota kwa usawa, chipukizi likakaribia urefu wa punje, ndiyo iliyokuwa na nyingi zaidi. Ukiichemsha, nguvu yote inakwisha.

Ndiyo maana kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota.

Kwa mtama mambo ni yaleyale. Ukiloweka muda mfupi mno, moyo wa punje unabaki mkavu na nyingine hazioti kabisa. Ukiuacha majini bila kubadilisha maji, unakosa hewa na kuoza. Unataka joto la nyuzi 25 hadi 30 na siku tatu hadi tano za kuota huku ukinyunyiziwa maji, halafu ukaushwe taratibu, maana moto mkali unaua vimeng'enya ulivyovihangaikia wiki nzima. Tena mtama una vituko vyake: ule mchungu una tanini zinazovibana vimeng'enya, na machipukizi yake hubeba sumu ya sianidi, hivyo yapukuchwe pamoja na mizizi kabla ya kusaga.

Payen hakuishia hapo. Mwaka 1838 alitangaza selulosi, kitu kinachojenga kuta za seli za mimea yote, na akafundisha kemia ya viwandani Paris kwa miaka mingi.

Majeshi ya Wajerumani yalipouzingira mji mwaka 1870, mzee wa miaka 75 alikataa kuondoka. Alifariki humo humo Mei 1871, mji ukiwa bado vitani.