Nduna Songea Mbano: Uhuru haukuanza Desemba 1961

Hapa Lizaboni, mjini Songea, ninafundisha vijana elimu ya dini ya Kiislamu. Kila inapokaribia Februari 27, siku ya kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, hakosi kijana wa kuniuliza: ikiwa watu wale walishindwa vita, kwa nini tunawaita mashujaa? Na mbona tunafundishwa kuwa uhuru wetu ulipatikana bila kumwaga damu?

Swali hilo silipuuzi. Huwa nalijibu kwa kumsimulia mtu ambaye mji wetu umebeba jina lake, ingawa wengi tunaoishi humu hatujui habari zake: Nduna Songea Mbano.

Songea alikuwa jemadari na mtawala chini ya Nkosi wa Wangoni wa Njelu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, wakati wa misukosuko ya Shaka Zulu. Tuseme kweli hata kama ni chungu: hawakuja huku kwa salamu. Waliwapiga waliowakuta, wakateka watu na kuwatawala. Songea alikuwa miongoni mwa waliokula matunda ya utawala huo. Kwa hiyo sitaki kijana adhani kuwa Nduna huyu alizaliwa akiwa mpigania uhuru. Hali ndiyo iliyomfikisha huko.

Mwaka 1897 Wajerumani waliingia Ungoni na kujenga boma lao karibu na makazi yake. Ndiyo asili ya jina la mji. Kuanzia hapo, mtawala akawa mtawaliwa. Ikaja kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898. Asiyekuwa na fedha alitolewa jasho kwa kazi ya lazima. Wakuu waliozoea kuamua mambo ya watu wao wakawa wanaamriwa na askari wa boma. Heshima ikaondoka, mali ikaondoka.

Julai 1905 moto ukawaka mbali na hapa, katika milima ya Umatumbi, ambako watu walichoka kulimishwa pamba kwa viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, akiwaaminisha kuwa risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mapema, Agosti 1905, lakini wajumbe wa maji walikuwa wameshatawanyika. Wakafika hadi Ungoni. Nkosi Mputa Gama wa Njelu aliyapokea, Chabruma wa Mshope aliyapokea, na Songea akaingia vitani.

Hapa ndipo ninapowataka vijana wasimame kidogo. Mngoni aliyekuwa akiwadharau makabila mengine sasa anapokea dawa kutoka kwao, na anapigana vita ile ile wanayopigana Wamatumbi, Wangindo na Wapogoro. Songea aliingia katika vita hii akitetea himaya yake. Lakini vita yenyewe ilikuwa kubwa kuliko himaya ya mtu yeyote.

Kuhusu maji, itikadi yetu iko wazi: hakuna dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Oktoba 1905 pale Namabengo, bunduki za rashasha ziliwavunja Wangoni. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji na mashamba na kutwaa chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa vita nzima iliondoka na roho za watu wapatao 300,000.

Februari 27, 1906 makumi ya mashujaa walinyongwa hapa Songea, akiwemo Nkosi Mputa, wakazikwa katika kaburi moja. Wazee wa hapa wanasimulia kuwa Wajerumani walitaka kumbakisha Songea, naye akakataa kuishi baada ya wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye. Inasimuliwa pia kuwa alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Je, damu ile ilikwenda bure? Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, aliitaja vita ya Majimaji. Alieleza kuwa wananchi walikuwa bado wanakumbuka vita ile, na TANU, iliyoasisiwa Julai 7, 1954, ilibidi iwashawishi kuwa uhuru unaweza kudaiwa bila bunduki. Maana yake ni kuwa umoja wa makabila ulichukuliwa, maji yakaachwa. Badala ya kibuyu cha dawa ikaja kadi ya chama. Desemba 9, 1961, miaka 55 baada ya kitanzi cha Songea, Tanganyika ikatangazwa kuwa huru. Hiyo siku ni ya mavuno. Waliopanda walikuwa wamelala udongoni.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea katika makumbusho ya Majimaji. Aliomba msamaha, akaahidi kuwa kichwa cha Nduna kitatafutwa, bila kuahidi kuwa kitapatikana.

Ndugu zangu, sisi tunafundishana kuwa maiti ana haki juu ya walio hai, na kwamba kuvunja mfupa wake ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Dini aliyofia Songea namwachia Mola wake. Lakini mwanadamu ametukuzwa na Muumba, na stahiki yake ni kuzikwa akiwa kamili. Basi tusiiachie familia yake peke yao mzigo wa kudai. Mji mzima unaitwa kwa jina lake. Tutadaiwa.

Wabillahi tawfiq.