Auguste Duméril na mnyama anayeota mashavu upya

Kiluwiluwi wa chura mnamfahamu: huishi majini, huota miguu, hupoteza mkia, kisha hutoka nchi kavu. Leo tunawaletea habari za mwanasayansi aliyemchunguza mnyama anayezeeka akiwa bado kama kiluwiluwi.

Auguste Duméril alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1812. Baba yake alikuwa bingwa wa elimu ya wanyama, na mwana akafuata nyayo hizo. Mwaka 1857 akawa profesa wa reptilia na samaki katika Makumbusho ya Historia ya Asili jijini humo.

Mwaka 1864 alipokea aksolotli sita kutoka Meksiko: madume watano na jike mmoja. Aksolotli ana umbo la mjusi lakini huishi majini. Mashavu yake ya kupumulia hayakufunikwa kama ya samaki. Yanatokeza nje nyuma ya kichwa, matatu kila upande, mfano wa manyoya.

Mwaka 1865 jike alitaga mayai. Wazazi walibaki walivyo, lakini baadhi ya watoto walipoteza mashavu na kugeuka wanyama wa nchi kavu. Duméril akajiuliza: mashavu yakiondolewa, je, mnyama atalazimika kugeuka? Akayakata. Wanyama waliendelea kuishi majini, kwa kuwa aksolotli hupumua pia kwa ngozi na mapafu. Isitoshe, mashavu yake yakikatwa huota tena.

Jibu hakulipata. Alifariki mwaka 1870, Paris ikiwa imezingirwa na majeshi ya Wajerumani. Katika karne ya 20 ndipo ilipojulikana kwamba kinachomgeuza ni homoni ya tezi ya shingoni, si kukosa mashavu.

Hata hivyo, Duméril alikuwa amewagawia wanasayansi wenzake wa Ulaya watoto wa wale sita, na aksolotli wengi wa maabara leo wana asili hiyo. Wapo pia wanaofugwa majumbani. Mfugaji akiona mashavu yamesinyaa, kwanza hukagua maji, maana uchafu na joto humdhuru mnyama huyu. Maji yakiwa safi na ya baridi, mashavu huweza kurudi.

Kwao Xochimilco, ndani ya Jiji la Meksiko, maji yamechafuka na samaki wageni huwala watoto wake. Huko porini aksolotli sasa yumo hatarini kutoweka kabisa.