Rembrandt: Fundi Aliyewafunza Vijana Kujitazama

Mtu ni mwepesi wa kuona ila ya mwenzake, lakini yake haioni. Ndipo wazee wetu wakasema, nyani haoni kundule. Leo, ndugu msomaji, tunamkumbuka fundi wa Uholanzi aliyejitazama katika kioo tangu ujana hata uzee, na akawafunza vijana kufanya vivyo hivyo. Huyo ni Rembrandt van Rijn.

Alizaliwa mjini Leiden tarehe 15 Julai, 1606, mwana wa msagaji nafaka. Alijifunza uchoraji kwa Jacob van Swanenburgh hapo Leiden, kisha akaenda Amsterdam kwa Pieter Lastman, ambako alikaa miezi sita hivi. Aliporejea kwao, mtu wa kumchora hakumtafuta mbali. Alishika kioo, akakunja uso kwa hasira, akacheka, akakodoa macho kama aliyeshtuka, na kila hali akaichora juu ya bamba la shaba na kuipiga chapa. Picha hizo za mwaka 1630 zingaliko, na baadhi yake ni ndogo za kutoshea kiganjani.

Mwaka 1628, akiwa bado kijana wa miaka 21, alimpokea mwanafunzi Gerrit Dou, mtoto wa miaka 14. Alipohamia Amsterdam wanafunzi walizidi, na ada ilikuwa gilda 100 kwa mwaka, fedha nyingi kwa zama zile. Kwanza waliiga kazi za mwalimu, hata sura yake. Waliiga vizuri mno, kiasi kwamba picha moja iliyoko The Hague ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni ya mkono wa Rembrandt, kumbe ni nakala, na asili yake iko Nuremberg. Baada ya sura ya mwalimu, ilikuwa zamu ya kijana kuchora yake mwenyewe.

Mmoja wao, Samuel van Hoogstraten, alifika kwa Rembrandt baada ya kufiwa na baba. Yasimuliwa kwamba alipokosolewa alilia, wala hakula wala kunywa mpaka alirekebishe kosa. Mwaka 1644, naye ana miaka 17, alikuwa tayari anajichora. Mwaka 1678 alitoa kitabu cha kufunza wachoraji, akiwashauri vijana kwamba atakaye kuchora huzuni au furaha aitie kwanza moyoni mwake, asimame mbele ya kioo, awe mchezaji na mtazamaji kwa wakati mmoja.

Suala la kuchora viumbe vyenye roho lina maneno yake kwa wanavyuoni wetu, nasi hatulifungui hapa. Lakini inafaa tujue kwamba Rembrandt naye alijifunza kutoka mafundi Waislamu. Picha za Kimogoli kutoka Bara Hindi zilimfikia Amsterdam, akazinakili kwa mkono wake, ikiwamo sura ya Shah Jahan, mjenzi wa Taj Mahal. Picha ya masheikh wanne walioketi chini ya mti ndiyo aliyoifuata mwaka 1656 alipochora Nabii Ibrahim akiwakirimu malaika.

Mwaka huo huo wa 1656 mambo yalimharibikia. Mkewe Saskia alikwisha fariki mwaka 1642, na watoto wao watatu walikufa wachanga. Sasa madeni yalimlemea. Mali yake ikauzwa mnadani, na nyumba aliyoinunua kwa gilda 13,000 mwaka 1639 ikamtoka. Mwaka 1668 akamzika Titus, mtoto wa pekee wa Saskia aliyepona utotoni.

Mtu mwingine angalikificha kioo. Rembrandt hakukificha. Mwaka 1669 alijichora tena: mashavu yamelegea, nywele zina mvi, macho yamechoka. Hakujipunguzia kunyanzi hata moja, wala hakuomba kuhurumiwa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo, akazikwa katika kaburi la kukodi ambalo leo halijulikani lilipo.

Ameacha picha zake mwenyewe zipatazo 80. Kijana anayetaka kujifunza kazi hii na aziweke kwa mpango wa miaka. Ataona kwamba mwalimu hakuwataka wanafunzi wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya, hata siku ambazo kioo kilikuwa kichungu.