Alzheimer, daktari aliyeona mabonge ubongoni

WENGI hulijua jina Alzheimer kutokana na maradhi yanayompokonya mzee kumbukumbu hadi akashindwa kuwatambua wanawe. Ni wachache wakumbukao kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, Bavaria, nchini Ujerumani. Alisomea udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg, na tasnifu yake ya mwaka wa 1887 ilihusu, amini usiamini, tezi zinazotoa nta ya masikio. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kifafa mjini Frankfurt. Huko alifanya urafiki na Franz Nissl, bingwa wa kutia rangi vipande vya ubongo ili seli zake zionekane kwa hadubini.

Mwaka wa 1901 ulimwelemea. Alifiwa na mkewe, Cecilie, akaachwa na watoto watatu. Mnamo Novemba akaletewa Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyemshuku mumewe bila sababu na kushindwa hata kuandika jina lake mwenyewe. Umri huo ndio uliomtatiza daktari, kwani ajuza wa miaka 80 akisahau, hakuna aliyeshangaa. Aliyanakili majibu ya mama huyo kwa subira, na hata alipohamia Munich mwaka wa 1903, chini ya Profesa Emil Kraepelin, hakuacha kuulizia hali yake.

Auguste alifariki Aprili 1906, na ubongo wake ukapelekwa Munich. Kwa kutumia mbinu ya Max Bielschowsky ya kutia rangi kwa madini ya fedha, Alzheimer aliona nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, na nje yake madoa yaliyotapakaa kote. Novemba 3, 1906 aliwaeleza wataalamu wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Kraepelin ndiye aliyeyapa maradhi hayo jina la mwenzake, mwaka wa 1910. Miaka miwili baadaye Alzheimer aliteuliwa profesa mjini Breslau, lakini aliugua akiwa safarini kwenda huko na hakupata afueni kamili. Aliaga dunia Desemba 19, 1915 akiwa na miaka 51, umri ule ule wa Auguste alipolazwa.

Madoa yale ni nini hasa? Jibu lilisubiri hadi mwaka wa 1984, George Glenner na Caine Wong walipotambua protini ya amiloidi. Punde si punde ikabainika kuwa nyuzi za ndani ni za protini iitwayo tau. Protini hujikunja katika umbo maalumu. Ikijikunja vibaya, hushikamana na wenzake na kufanya mabonge ambayo seli hushindwa kuyaondoa. Iwapo mabonge hayo ndiyo chanzo cha maradhi au ni dalili tu, wanasayansi wangali wanabishana.

Jalada la Auguste, lililodhaniwa kupotea, lilipatikana Frankfurt mwaka wa 1995. Vipande vya ubongo wake navyo vilikutwa Munich, na vilipochunguzwa upya, nyuzi na madoa vilikuwa kama alivyoeleza daktari.